Picha za Zuwena

Zuwena aliishi saa tano tu. Alizaliwa adhana ya alfajiri ikisikika, akalia mara moja kwa sauti nyembamba, kisha kazi yake yote ikawa kuvuta pumzi. Saa nne na robo asubuhi akaacha. Muuguzi alizima mashine ya oksijeni, akaandika saa kwenye karatasi, akamgeukia Rahaf aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa kile kitanda kidogo.

"Pole sana, mama Zuwena," alisema. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita hivyo, kabla wala baadaye.

Nje kwenye korido, Bi Saleha alikuwa ameshapiga simu tatu. Ya kwanza kwa wachimba kaburi, ya pili kwa muuza sanda, ya tatu nyumbani Isevya, watoe makochi sebuleni na kutandika mikeka. Hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minne aliyewazika wajukuu wawili wa tumbo hilohilo, na sasa alijua kipi kinatangulia kipi. Yaser, mwanawe, mume wa Rahaf, alisimama karibu naye akiwa ameshika khanga mpya tatu zilizoletwa kwa ajili ya mtoto. Hakujua aziweke wapi.

Daktari aliyetoka wodini alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, Dokta Julieth. Alimsalimia Bi Saleha, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akamwambia Yaser, "Naomba mnisikilize kidogo kabla hamjamchukua. Huyu ni wa tatu. Wote wamekufa ndani ya siku moja, wote wameshindwa kupumua. Mimi nataka kujua kwa nini, na nadhani na ninyi mnataka."

"Mnataka kumpasua," Bi Saleha alisema.

"Hapana, mama. Simpasui."

"Hata wale wawili mlitaka kuwapasua."

"Walioomba wakati ule ni wenzangu, na mlikataa, na ilikuwa haki yenu. Safari hii ni picha tu. Tuna mashine ndogo ya eksirei kule jengo la nyuma, tumeletewa kwa utafiti. Kazi yake ni kupiga picha vipande vya nyama wanavyotolewa wagonjwa. Mtu mzima haingii, lakini mtoto mchanga anaenea. Inaonyesha ndani, tabaka kwa tabaka, bila kisu. Saa moja na nusu tu, na hamlipi kitu."

"Maiti hapigwi picha," Bi Saleha alisema, na kwa sauti yake jambo lilikuwa limekwisha.

Yaser alizitazama zile khanga. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli sokoni, na dukani alikuwa mwepesi wa maneno. Wakulima wa tumbaku kutoka Sikonge walipenda kubishana naye bei. Mbele ya mama yake maneno yalimkauka tangu utotoni.

Ndipo Rahaf alipotokea mlangoni. Alikuwa ameshika ukuta. Gauni la dira alilovaa lilikuwa na damu nyuma, naye alijua, na hakuwa na cha kujifunika.

"Nataka wampige picha," alisema.

"Rudi ukakae, mwanangu," Bi Saleha alimwambia. "Hujui unalosema."

"Najua, shangazi. Nataka kujua kimewaua nini wanangu."

Hakuwa akimwita mama mkwe. Bi Saleha alikuwa dada wa baba yake, marehemu Ghalibu, na alikuwa shangazi yake miaka ishirini kabla ya kuwa mkwe wake.

Muuguzi alileta fomu. Rahaf alinyoosha mkono aipokee, muuguzi akaipitisha juu ya mkono ule akampa Yaser. "Anasaini baba," alieleza. Yaser alisoma ukurasa wa kwanza, akarudia kuusoma. Hatimaye alisogea dirishani akampigia simu sheikh wa msikiti wao. Aliongea kwa sauti ya chini, akasikiliza, akasema ndiyo mara nyingi. Aliporudi hakumtazama mama yake.

"Anasema kama hakatwi, hafunguliwi, na hachelewi kuzikwa, hakuna ubaya. Baada ya swala ya alasiri lazima awe kaburini."

Akasaini. Bi Saleha alifunga mkoba wake. "Mimi nakwenda kuandaa maji ya kumwosha," alisema, na akaondoka akiwa amenyooka kama mtu aliyetukanwa.

Yaser naye alilazimika kwenda makaburini. Kiti cha magurudumu kilichokuwepo wodini kilikosa gurudumu moja la mbele. Rahaf alitembea kwa miguu, mtoto mikononi, uwanja mzima wa hospitali hadi jengo la nyuma, na waliokutana naye walimpa hongera.

*

Fundi wa mashine alikuwa Vedasto, mtu wa makamo aliyevaa koti jeupe lililofifia. Rahaf alitarajia kitu kikubwa. Alichokiona ni kama kabati la nguo lililopakwa rangi ya kijivu, lenye mlango mzito na kidirisha. Kando yake palikuwa na meza, kompyuta mbili, na feni inayozunguka.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama. Zile kubwa za namna yake zinajaza jengo zima, ziko Ulaya. Hii wameifupisha." Alileta karatasi laini ya plastiki na kitanda cha sponji kilichochongwa shimo katikati. "Nimfunge mimi, au utamfunga mwenyewe?"

"Nitamfunga mwenyewe."

Alimfunga polepole, akiacha uso. Vedasto alisubiri bila kutazama saa. Walipomlaza ndani, Rahaf aliuliza, "Itamwumiza?" Papo hapo alilisikia swali lake, akaona aibu.

Vedasto hakucheka wala hakumhurumia kwa sauti. "Hapana, mama," alisema. "Haitamgusa. Yeye atalala tu, hiki kifaa ndicho kitakachomzunguka."

Akafunga mlango. Alipoanza kubonyeza, alieleza bila kuulizwa, labda kwa sababu ukimya wa mwanamke yule ulimwelemea. "Eksirei ya kawaida inaona mifupa kwa kuwa mifupa inazuia mionzi. Nyama laini haizuii sana. Ini, figo, mapafu, vyote vinatoka kivuli kimoja. Hii inaangalia jambo jingine. Mionzi ikitoka nyama hii kuingia nyama ile, inapinda kidogo sana. Sisi tunapima kule kupinda. Umewahi kutumbukiza glasi kwenye beseni la maji?"

"Ndiyo."

"Kioo chenyewe hukioni, unaona ukingo wake tu. Basi na sisi tunatafuta kingo."

Hakuruhusiwa kukaa ndani. Alikaa kwenye benchi la saruji nje, peke yake. Yaser alipiga simu mara tatu. "Bado?" "Bado." Mara ya tatu alisikia nyuma yake sepeto zikigonga changarawe, akajua kaburi limefika wapi. Maziwa ya kwanza yalianza kumchuruzika yakalowesha kifua cha dira. Mama mmoja aliyepita na chupa ya uji alimwona, akatabasamu kwa wema kabisa.

"Kanyonyeshe, bibie. Mtoto wako analia huko."

"Ahsante," Rahaf alijibu. "Naenda."

*

Walimwosha nyumbani. Bi Saleha ndiye aliyefanya kazi hiyo, kwa mikono mizuri isiyo na haraka. Tumbo la mtoto lilikuwa limevimba pande zote mbili, gumu. Mikono ya Bi Saleha ilisimama pale kwa muda mfupi, kisha ikaendelea kumimina maji. Saa kumi na nusu wanaume walimbeba Zuwena wakaenda naye, na kufikia magharibi walikuwa wamerudi, wamekula wali, na wameanza kuzungumzia bei ya tumbaku.

Kwa siku tatu wanawake walijaa kwenye mikeka. Walimwambia Rahaf ashukuru, kwamba watoto wale watamngoja. Wakimgeukia Bi Saleha, sauti zilishuka, lakini nyumba ilikuwa ndogo.

"Kwetu maradhi haya hayapo," Bi Saleha aliwaambia. "Babu zetu wameingia Tabora na misafara, wamekaa hapa miaka mia na zaidi, watu wanazaa mpaka wanachoka. Mimi mwenyewe nimezaa sita na wote wazima. Lakini marehemu kaka yangu alikwenda kuchukua mke Igunga, hatukumjua wa nani. Sasa unavuna nini?"

Mke huyo wa Igunga alikuwa Ng'washi, mama yake Rahaf. Alikuja kwenye msiba wa mtoto wa kwanza, akaonyeshwa mahali pa kukaa barazani pamoja na wapishi, akayasikia maneno haya haya. Hakuja tena. Safari hii alipiga simu. Mama na mwana walishika simu kwa dakika kadhaa bila kusema kitu, hadi salio la Ng'washi likaisha.

*

Wiki tatu baadaye Dokta Julieth aliwaita. Aliwakalisha mbele ya kompyuta na kugeuza kioo upande wao.

Rahaf alidhani atamwona mtoto. Badala yake aliona duara za kijivu zilizokuwa zikibadilika daktari alipokuwa akisogeza kidole, kama mtu anayekata mkate vipande vyembamba mno. "Huu ni moyo," daktari alisema. "Mzuri kabisa. Haya mapafu, madogo, hayakupata nafasi ya kukua. Na hizi hapa ndizo zilizoyanyima nafasi."

Pande zote mbili za uti wa mgongo palikuwa na vitu viwili vikubwa vimejaa tumbo lote. Alivikuza. Ndani yake kulikuwa na vitundu vidogo maelfu, vimepangwa kutoka katikati kwenda nje, kila kimoja na ukuta wake.

"Kama sega," Yaser alisema. Ndilo neno lake la kwanza tangu waingie.

"Kama sega. Ni figo. Zinatakiwa ziwe na ukubwa wa kidole gumba changu. Zimejaa vifuko vya maji, haziwezi kutoa mkojo, na mtoto tumboni bila mkojo wake mapafu hayakui. Eksirei ya kawaida isingeonyesha haya. Mashine hii imevionyesha kimoja kimoja." Alivua miwani. "Naomba niwaulize. Ninyi ni ndugu?"

"Mama yangu na baba yake ni mtu na kaka yake," Yaser alisema.

Daktari alichukua kalamu akachora. Kuna kasoro, alisema, mtu anaweza kuibeba maisha yake yote asiumwe hata siku moja. Mtoto huumwa akiipata kwa baba na kwa mama, zote mbili. Watu wasio ndugu ni nadra wote wawili kuwa nayo. Wajukuu wa babu na bibi mmoja ni rahisi. Alichora mistari miwili ikishuka kutoka juu, mmoja kupitia kwa Saleha, mmoja kupitia kwa Ghalibu, ikakutana chini.

Rahaf aliitazama ile karatasi muda mrefu. "Kwa hiyo haikutoka kwa mama yangu."

"Mama yako wa wapi?"

"Igunga. Msukuma."

"Kwa picha hii, hapana. Inaelekea imetoka juu hapa, kwa babu yenu au bibi yenu. Wala si kosa la mtu." Aligusa mchoro. "Kila mimba, nafasi ya mtoto kuumwa ni moja kati ya nne. Ninyi mmeangukia huko mara tatu, ni bahati mbaya kubwa. Mkijaribu tena, inawezekana kabisa akawa mzima. Siwezi kuwaahidi."

"Na ndugu zetu wengine?" Rahaf aliuliza.

"Yeyote wa ukoo huo anaweza kuwa nayo bila kujua. Kipimo cha damu chenyewe Tabora hakipo. Ningekuwa mimi, ningewaambia wasioane wao kwa wao."

Aliwachapishia picha mbili na kuzitia kwenye bahasha ya kaki. Walipofika kwenye geti la hospitali, Yaser alisimama.

"Mama asijue kwanza," alisema. "Ana presha."

"Miaka sita anamtukana mama yangu."

"Nitamwambia mwenyewe. Niachie nitafute siku nzuri."

Rahaf alimwachia. Alimtazama akiwasha pikipiki, mgongo wake mwembamba ndani ya shati la mistari, akaona kwamba naye amefiwa na watoto watatu na hakuna mtu aliyempa nafasi ya kulia. Alimshika kiunoni barabara nzima.

*

Siku nzuri haikupatikana. Badala yake, mwezi wa pili baada ya msiba, Bi Saleha alimwita Rahaf chumbani kwake, akamkalisha kitandani, akamshika mkono.

"Wewe ni damu ya kaka yangu, siwezi kukutupa," alianza. "Nyumba hii ni yako mpaka unakufa. Lakini Yaser ana miaka thelathini na sita. Nimezungumza na Fauzi kule Nzega. Yule binti yake, Manal, amemaliza kidato cha sita mwaka jana. Ni mtoto mtulivu. Na ni wetu kwa baba na kwa mama, damu safi."

Fauzi alikuwa mdogo wao Bi Saleha na Ghalibu. Rahaf alihesabu kimyakimya mistari ya daktari, akaongeza wa tatu.

"Yaser amesema nini?"

"Yaser amesema ninavyoona mimi."

Jioni hiyo alimuuliza. Yaser alikuwa akipanga minyororo ya baiskeli kwenye boksi, nayo ilikuwa imepangika tayari. "Nitasema," alisema. "Kabla wageni wa Nzega hawajafika nitasema." Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Nikisema, mama atatafuta mwingine wa nje. Unalijua hilo."

Alilijua. Alikuwa amelifikiria tangu asubuhi. Kama angenyamaza, Manal angekuja, na huenda tumbo la Manal nalo lingefanya makaburi, na hapo katika nyumba hii wangekuwa wawili. Wazo hilo lilimjia siku ile wakati akichambua mchele, likamkalia kifuani kwa utulivu kabisa, kama mgeni aliyezoea. Hakulifukuza mara moja. Kama angesema, mumewe angepata mke wa mbali, na watoto wazima wangekimbia katika ua huu wakiita mwanamke mwingine mama. Hapakuwa na njia ya tatu iliyompa yeye kitu.

Kwa hiyo alinyamaza. Alifua mapazia ya chumba cha wageni. Bi Saleha alimwagiza apike biriani, kwa kuwa hakuna aliyepika biriani kama yeye, akapika.

*

Wageni walifika Jumamosi na basi la asubuhi: Fauzi, mkewe, na Manal. Wazee walikaa sebuleni na Yaser. Manal aliagizwa jikoni kusaidia. Alikuwa na miaka ishirini, na hina mikononi, na alisimama mlangoni bila kujua kama anaruhusiwa kuingia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ingia. Chukua kisu kile, unikatie kachumbari."

Alikata vitunguu vibaya, vipande vinene. Baada ya muda alisema, "Dada, si mimi niliyetaka."

"Najua."

"Mimi nilitaka chuo. Baba amesema nitasoma nikiwa hapa." Alijifuta jicho kwa kiwiko. "Naomba nikuulize kitu, usinikasirikie. Wanao walikuwa wanaumwa nini?"

Rahaf aliacha kukoroga. Watu walikuwa wamemwambia mengi kwa miaka sita. Walikuwa wamempa kombe la kunywa lililoandikwa aya, asali ya nyuki wadogo, majani ya kuoga, hirizi ya kiunoni. Hakuna hata mmoja katika ukoo mzima aliyewahi kumuuliza swali hilo. Mama yake mwenyewe hakuthubutu. Alimtazama msichana yule mwenye machozi ya vitunguu na lile wazo lililomkalia kifuani akalifukuza.

"Ngoja," alisema.

Alizima jiko. Akaenda chumbani, akatoa bahasha chini ya godoro, akaingia sebuleni akiwa na aproni. Fauzi alikuwa anacheka. Bi Saleha aliinua kichwa.

"Chakula tayari?"

"Bado, shangazi. Shikamoo, ami. Nina jambo la kuwaambia, na Yaser analijua, lakini limemshinda."

Yaser alisimama. "Rahaf."

"Kaa," alimwambia, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alitii.

Aliweka picha mezani, kati ya birika la kahawa na sahani ya haluwa. Alieleza kama alivyoelezwa, figo, mapafu, mistari inayoshuka. Alipofika kwenye vile vitundu aliviwekea kidole. Aliposema, "Imetoka kwa babu au kwa bibi, ikapita kwa baba yangu na kwa shangazi, na huenda imepita kwa ami pia," mke wa Fauzi alijivutia mtandio mdomoni.

"Mashine!" Bi Saleha alisema. "Mnamfunga mtoto wa watu kwenye kabati, halafu mnaleta madoadoa haya muivunjie heshima familia? Waulize watu wa Tabora sisi ni nani."

"Sijavunja heshima ya mtu, shangazi. Manal ameniuliza wanangu walikuwa wanaumwa nini. Nimemjibu."

Fauzi aliishika picha moja, akaigeuza juu chini, akairudisha. Hakuelewa alichokiona, lakini alikuwa baba. "Yaser," aliuliza taratibu, "ni kweli daktari alisema haya?"

"Kweli, mjomba."

"Na ungemwoa mwanangu?"

Wageni walikula biriani kwa sababu ilikuwa imepikwa, na wakaondoka na basi la mchana. Mlangoni Manal alimkumbatia Rahaf kwa nguvu, akinuka vitunguu, akakimbilia bajaji.

*

Siku ya pili yake Bi Saleha aliingia chumbani kwa Rahaf bila kubisha. Alikaa sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akaanza kuongea akitazama miguu yake.

"Mama yetu alizika wanne," alisema. "Mmoja nilimshika mimi. Nilikuwa na miaka kumi, mkunga alinipa nimshike wakati anachemsha maji. Tumbo lilikuwa gumu hivi, pande mbili. Watu walisema bibi wa jirani ana jicho. Mama hakuwahi kuwataja tena." Alikunja pindo la khanga yake. "Nilipomwosha wa kwanza wako, nililijua lile tumbo. Wa pili nikalijua. Zuwena nikalijua."

"Na ukasema ni mama yangu."

"Nilisema ni mama yako."

Rahaf alisubiri neno jingine. Bi Saleha alikuwa nalo. Lakini alikuwa ameishi miaka mingi akiwa mtu wa kuombwa radhi, na njia ya kuiomba hakuijua. Alijiinua kwa kushika kitanda. Akatoka akiacha mlango wazi.

Yaser alikwenda Sikonge kukusanya oda, akakaa siku tisa. Aliporudi alikuwa mpole. Usingizi wao ulikuwa wa watu wawili wanaoogopa kugusana. Rahaf alimkumbusha kwamba daktari alisema inawezekana wa nne akawa mzima. "Na akiwa kama wale?" Yaser aliuliza. "Mimi siwezi tena, Rahaf. Siwezi kusimama kaburini tena." Alilia hapo, na yeye alimshika kichwa mpaka akanyamaza, na wote wawili walijua kwamba kilichosemwa ndicho hicho, hapatakuwa na wa nne.

Baada ya miezi minne alimwoa mwalimu wa chekechea kutoka Kigwa, asiye ndugu wa mtu yeyote. Rahaf hakuomba talaka, wala hakupewa. Alisema anakwenda kumsalimia mama yake Igunga. Yaser alimpeleka stendi, akambebea begi, akamnunulia maji na biskuti, akasimama pale hadi basi likaondoka. Hakuna aliyesema siku ya kurudi.

*

Huko Igunga, Rahaf alikuta kwamba Kisukuma chake kilikuwa kimekwisha. Mama yake alimsemesha kwa lugha hiyo, yeye akajibu kwa Kiswahili, na majirani walimwita Mwarabu wa Ng'washi. Hakukuwa na ubaya ndani yake, lakini kila alipolisikia jina lile alijua kwamba hapa pia ni mgeni. Kule alikuwa binti wa Msukuma. Alijifunza upya kupura mtama na kukamua mbuzi. Manal alimtumia ujumbe kwamba amepata chuo Mwanza, akausoma mara nyingi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, walikuwa barazani wakibangua karanga simu ilipoita. Ilikuwa namba ya Yaser. Hakuwa amepiga tangu Idi.

"Hujambo?"

"Sijambo. Hamjambo huko?"

"Hatujambo." Rahaf alisikia kelele za soko, na kengele ya baiskeli. "Rahaf, yule ni mjamzito. Miezi minne."

"Hongera."

"Silali," Yaser alisema. "Nikilala nasikia mtoto anavuta pumzi. Yeye sijamwambia lolote, na mama hataki kulizungumza. Sina mtu mwingine wa kumuuliza. Je, na huyu…"

Rahaf alibana simu kwa bega, akafuta mikono kwenye khanga. Maneno ya daktari alikuwa nayo yote, hakusahau hata moja. Ingetosha kusema sijui. Upande wa pili alimsikia akipumua, haraka haraka, kwa shida.

"Nisikilize," alisema. "Huyo si ndugu yetu. Daktari alisema watu wasio ndugu ni nadra wote wawili kuwa nayo. Ukitaka moyo utulie, mpeleke akapigwe ultrasaundi akifika miezi mitano. Mwambieni daktari aangalie figo mbili, na aangalie kama maji yapo ya kutosha. Akisema maji yapo, lala usingizi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Na mwambie mkeo. Usimfiche."

"Nitamwambia."

"Mtoto atakuwa mzima, Yaser."

Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyotamani yeye mwenyewe aambiwe nayo, mara tatu, na hakuna aliyemwambia. Yaser alianza kusema kitu, ahsante labda, au jina lake. Rahaf alikata simu kwanza.

Ng'washi aliendelea kubangua. Baada ya muda aliuliza nani huyo.

"Mtu wa Tabora, mayu. Anaulizia habari za mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Rahaf alichukua konzi nyingine ya karanga, akaimwaga kwenye ungo.

"Wake," alisema.